Bado Mmoja

Kitale ina historia ndefu ya kukusanya watu. Kabla ya walowezi, misafara ya watumwa ilipita hapa ikielekea pwani, na ukiingia Kitale Club leo utaonyeshwa mduara wa mawe ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, mateka walikuwa wakifungiwa. Pembeni watu wanacheza gofu. Mwaka 1926 ikaja reli, nayo ikaja na ratiba, ili mahindi ya mzungu yasichelewe.

Sisi tusio mahindi tunapanda matatu.

Nenda steji uulize gari la Bungoma. Makanga atakupokonya begi kwa heshima zote: "Mkubwa, ingia, bado mmoja tuondoke!" Kweli, viti 13 vina watu. Unamshukuru Mungu, unalipa. Mara kijana wa dirishani anashuka kununua maji. Mwenzake anamfuata. Yule mzee aliyekuwa akikoroma kwa ustadi anaamka na kuhamia gari la Kapenguria, akaendelee na kazi. Unabaki na dereva, ambaye naye, kumbe, alikuwa akilinda kiti tu.

Sheria za matatu za 2004, za waziri wa uchukuzi Michuki, zilileta mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Gari letu halina kosa lolote: mikanda ipo, mwendo sufuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mazishi Bungoma saa nne asubuhi, ingia steji ya Kitale tangu jana yake. Na usikubali kuwa wa kwanza garini.