Taabu za Mwokotaji

Husemwa kwamba aokotaye fedha njiani ameamka na nyota njema, na kauli hii aghlabu hutoka katika vinywa vya watu ambao maisha yao yote hawajaokota kitu zaidi ya mafua. Kwani mimi, tangu alasiri ile nilipoinama katika kichochoro kitokacho Darajani kwenda Mchangani nikainuka na kifurushi cha kitambaa kilichofungwa barabara, raha ya nafsi nimeiaga. Ndani mlikuwa na noti. Zilikuwa ngapi, za tembo au za faru, kitambaa kilikuwa cha rangi gani na fundo lake lilifungwa vipi, hayo sitayataja, kwa sababu mwenyewe hajatokea bado, na insha hii itasomwa na watu wa kila namna.

Chuoni tulisomeshwa Matni ya Abu Shujaa, kile kitabu kidogo cha fikihi ya Kishafii ambacho wengi wa pwani hii wamekipitia wakiwa wadogo, nacho kimeeleza kwamba mwokotaji humlazimu kuyajua mambo sita: chombo kilichotiwa mali, kilichofunikia, kamba iliyofungia, jinsi ya mali yenyewe, idadi yake na uzani wake, kisha aihifadhi mahali panapoistahili, kisha ainadi mwaka mzima, milangoni mwa misikiti na pale pale alipoiokota. Milangoni, wala si ndani, maana Mtume amekataza kunadi kilichopotea msikitini, na amsikiaye mtu akifanya hivyo ameelekezwa amwombee asikipate. Mwaka ukitimia bila ya mwenyewe kudhihiri, mwokotaji ana ruhusa ya kuitumia, lakini dhamana imo shingoni mwake, na siku yoyote mwenye mali akija na alama zake sharti alipwe. Haya tuliyahifadhi kwa kuyumbayumba juu ya mkeka huku jicho moja likiulinda mkwaju wa maalim, wala hapana hata mmoja wetu aliyedhani kwamba iko siku atahitajia kuyatumia.

Basi nikasimama mlangoni mwa msikiti, watu wanatafuta viatu vyao, nikatangaza kwamba nimeokota fedha, na aliyepotelewa aje na alama. Kabla ya saa ile sikuwa na habari kwamba mtaa wetu umepata hasara kubwa kiasi kile. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa barazani, mtu wa heshima zake, aliyeniita kando kwa taadhima akaniambia kwamba fedha zile ni zake na alama yake ni kuwa zilikuwa noti.

"Noti ngapi, mzee wangu?"

"Mwanangu, fedha ya halali haihesabiwi. Huondoka baraka."

Baada yake alikuja kijana aliyeeleza kuwa kitambaa chake kilikuwa cheupe. Alipouona uso wangu umetulia, akasema kilikuwa cheupe lakini kimechafuka. Na nilipoendelea kutulia, akafafanua kwamba uchafu wenyewe ulikuwa umeelekea buluu, na hapo nikamwona anayatazama macho yangu kama mvuvi anavyoitazama chelezo yake, akingojea itikisike tu. Bibi mmoja alikiri bila ya haya kwamba zake zilimpotea Pemba, lakini akaniuliza mimi ni nani hata niizuie fedha isisafiri. Na yuko mwengine aliyepoteza zake zamani, kabla noti hizi hazijachapishwa, naye hakuzidai hizi hasa, bali alitaka nizihesabu kuwa badala.

Watu wanapoizungumza amana huizungumza kama kwamba yote imo moyoni, na mwenye moyo safi kazi imemwishia. Mimi naona nusu yake imo katika ulimi. Aliyeziokota akazila amemdhulumu mtu mmoja, na mji mzima utamwita mwizi; lakini yule aliyezirejesha kwa haraka kwa mtu wa kwanza mwenye machozi amemdhulumu mtu yule yule, kwa kiasi kile kile, na juu ya hayo ataondoka akisifiwa. Ndiyo maana siwaonei choyo wale wanaotangazwa redioni kwa kurejesha fedha siku ile ile. Huwauliza kimoyomoyo, mlimpa nani?

Zama zetu hizi fedha hupotea hata bila ya kuanguka. Hukujia ujumbe wa simu kwamba umepokea kiasi fulani kutoka kwa mtu usiyemjua, na kabla hujamaliza kuusoma, mtu mwenyewe keshapiga, analia, ametuma kimakosa, mgonjwa yuko hospitali. Pengine ni kweli, na kumnyima ni dhulma. Pengine ule ujumbe ameuandika yeye kwa mkono wake, na ukiangalia salio lako utakuta halikuongezeka hata shilingi. Kwa hivyo anayerejesha kabla ya kuangalia anarejesha mali yake mwenyewe. Abu Shujaa hakuijua simu, lakini aliposema tuanze kwa kukijua chombo na kilichomo, hakukosea.

Lakini hasara iliyonichosha si ya fedha, ni ya sifa njema. Habari ilipoenea huku Ng'ambo kwamba yuko mtu anayeokota na asile, nyumba yangu ikawa bohari ya vilivyopotea: funguo, kiatu cha mguu wa kushoto, miwani, meno ya bandia ambayo mke wangu amekataa yasiwekwe kabatini pamoja na vikombe, na asubuhi moja watoto wa jirani wakaniletea mbuzi. Nikaenda kwa sheikh. Akanikumbusha kwamba ngamia aliyepotea huachwa, maana anajitosha kwa miguu yake na maji yaliyomo tumboni mwake, lakini kondoo na mfano wake huchukuliwa wasije wakaliwa na mbwa mwitu. Na aliyemchukua anahiarishwa baina ya kumchinja akadaiwa thamani yake, kumuuza akaihifadhi, au kumlisha kwa kujitolea.

Kabla sijakata shauri, mbuzi alikuwa amejitolea mwenyewe. Alikula mchaichai wote wa uani, akala mrehani, akala upindo wa kanga mpya iliyoanikwa. Nikaazimia kumuuza. Mnunuzi wa kwanza akauliza, "Mbuzi wa nani?" Nikamjibu kwa haki, "Wa mtu nisiyemjua," naye akaondoka bila ya kuaga. Wa pili vile vile. Wa tatu alimzunguka, akamtazama meno, akadai kwamba mbuzi ni wake na amemtafuta muda mrefu. Nikamtaka alama. Akafikiri sana, akasema, "Alikuwa akila mno."

Mke wangu akatoka jikoni, kanga yake mkononi. "Alama ni sahihi," akasema. "Mpe."