Kisanduku, Kijiti na Mfereji Mkavu

Kupima maji ya mfereji wa mpunga Bahi ni kazi ya dakika moja: unasimika kijiti chenye alama za sentimita, unainama, unasoma. Kuipa kompyuta kazi hiyohiyo kunataka siku nzima, bando nene na moyo wa subira.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Mashamba ya Bahi hunywa maji ya Mto Bubu, na mto huo haupigi hodi. Hata usiku wa manane unaweza kufurika, na nani ataamka kusoma kijiti? Nikaja na kisanduku cha kukusanyia vipimo. Upande mmoja kinapokea waya za kihisi, upande wa pili kinachomekwa kwa USB kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi. Kilichobaki ni kifurushi cha Python cha kuwakutanisha.

Chini ya mkwaju nikaandika amri ya kusakinisha, mstari mmoja tu. Jibu likajaa kioo kizima, jekundu tupu. Kifurushi kile nusu ni Python, nusu ni lugha ya C, na nusu ya C ilitaka kujengwa palepale. Kwanza ikadai kompaila. Nikaishusha. Ikadai mafaili ya Python ya wajenzi, yanayokuja katika python3-dev. Nikayashusha. Ikadai libusb, maktaba ya kuzungumza na vifaa vya USB. Hapo bando likakata. Ilikuwa posa hasa: wakwe hawakutajii mapungufu yote kwa mpigo. Unaleta mbuzi, unaulizwa blanketi la bibi liko wapi.

Mzee anayefungua mageti ya mfereji akapita. “Mbukwa, mwanangu. Bado inasoma?”

“Bado inajengwa, baba.”

Akaiangalia meza, akaniangalia mimi. “Haya. Sisi nyumba tunaanza na msingi.”

Vocha ikapatikana, ujenzi ukaisha, kisanduku kikagoma: mtumiaji hana ruhusa ya kugusa kifaa. Yaani kifaa nimekibeba mwenyewe, lakini Linux inataka kanuni ya udev iandikwe kwanza. Nikaiandika, nikachomoa, nikachomeka. Namba zikaanza kumiminika. Maji yanapanda! Yanashuka! Yanapanda tena!

Mzee akachungulia mfereji, ambao mageti yake alikuwa ameyafunga asubuhi. “Hayo maji yako wapi, mwanangu, tukayalimie?”

Waya wa kihisi ulikuwa umechomoka. Mlango wa kisanduku usiounganishwa na kitu haukai kimya. Huokota umeme wa hewani na kuuripoti kwa kujiamini kama mgombea.

Mkoa wetu wa Dodoma unajua thamani ya vipimo. Visima vya Makutupora, vinavyolisha Dodoma mjini, vilianza kurekodiwa kina cha maji miaka ya 1950, wakati Python ilitoka 1991. Rekodi hiyo ya miaka 55 ndiyo iliyowawezesha watafiti kuonyesha, katika jarida la Nature Climate Change mwaka 2013, kwamba maji ya ardhini pale hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno. Waliojaza daftari hawakuulizwa libusb.

Basi, ndugu msomaji, ukija Bahi na kisanduku chako, shusha kila kitu ukiwa bado mjini: kompaila, python3-dev, libusb na kifurushi chenyewe. Kaza waya kabla hujashangilia namba. Na kijiti kiache palepale mferejini, kwa sababu ndicho kitakachokuambia kama kompyuta inasema kweli.