Reli Isiyokwenda Popote

Wako watu wanaosoma magazeti, wako wanaosoma nyota, na yuko mpwa wangu, anayesoma mashimo. Mwoneshe picha ya shimo lililochimbwa jana na lundo la kifusi pembeni, atakwambia nguzo gani itasimikwa humo, mteremko utaelekea upande gani na abiria wataanza kupiga kelele wapi. Yote hayo kwa shimo ambalo, kwa macho yangu mie, ni shimo.

Elimu hiyo imebidi niishi nayo kwa sababu tunakaa kusini mwa jimbo la Ohio, si mbali na Kings Island. Kwa asiyepajua, hicho ni kiwanja cha kufurahishia watu kilichofunguliwa mwaka 1972 kule Mason, kaskazini-mashariki ya Cincinnati. Kina mnara wake wa Eiffel, theluthi moja ya ule wa Paris, na sijasikia Mfaransa yeyote akilalamika. Kina The Beast, rolakosta ya mbao ya mwaka 1979 yenye njia ya futi 7,361, na hakuna nyingine ya mbao duniani iliyoizidi urefu. Rolakosta, kwa jamaa zangu wa Unguja waliozoea pembea za sikukuu pale Kariakoo, ni gari la reli linalovutwa hadi juu, kisha likaachiwa. Yanayofuata ni baina ya mtu na Mola wake.

Basi Oktoba 2018 kiwanja kilifunga rolakosta yake moja, Firehawk, iliyokuwa ikiwalaza watu kifudifudi kama changu wanaosubiri kikaango. Wakaifunga, wakaibomoa, wakabakiza uwanja mtupu, na wasiseme wanataka kuweka nini. Hapo ndipo raha ya nyumba yangu ilipoharibika.

Maana kule kunyamaza ni biashara. Tangazo huja Agosti, msimu unapoelekea ukingoni na tiketi za mwaka unaofuata zinapoanza kuuzwa. Kabla ya hapo wenyewe hawathibitishi wala hawakanushi, na wapenzi wao hawalali. Lakini Marekani ni nchi ngumu kuficha kitu kirefu. Anayetaka kujenga kinachopita futi 200 kutoka ardhini sharti aiarifu mamlaka ya usafiri wa anga, na taarifa hizo zinasomeka. Ramani zinazopelekwa mjini kuombewa kibali ni nyaraka za umma. Jina la biashara likiombewa usajili, nalo halijifichi. Kwa hiyo nilikuwa na kijana wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akisinzia juu ya kurasa mbili za historia, anakesha na ramani za mifereji ya maji ya mvua za mji wa Mason.

Swali kubwa lilikuwa urefu. Rolakosta inayofika futi 300 wapenzi wanaiita giga, na huko kaskazini mwa jimbo hilohilo, kiwanja cha Cedar Point kinayo Millennium Force ya futi 310 tangu mwaka 2000. Watu wa kusini walikuwa wakisimangwa kwa jambo hilo kwa karibu miaka ishirini. Sikuwa najua kwamba na mimi nimesimangwa, lakini mpwa wangu alinifahamisha.

Nilifanya papara kumweleza mama, huko Unguja, kwenye simu.

"Wanajenga reli mpya huku," nikasema. "Inasemekana chuma kishaanza kufika."

"Reli ya kwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inapanda, inashuka, inazunguka, inakurudisha palepale ulipopandia."

"Na watu wanalipa?"

"Wanalipa."

"Na nyinyi kazi yenu nini humo?"

"Sisi tunakisia."

Akanyamaza kidogo. "Haya mwanangu. Na hiyo baridi imepungua?"

Nikadhani yameishia hapo. Kumbe ya simu yalishuka barazani, na baraza haliachi habari ilale njaa. Siku chache tu, mimi nikawa fundi wa reli. Kisha mzee mmoja akakumbusha kwamba treni ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905 kutoka mjini, nayo ilijengwa na kampuni ya Kimarekani. Watu wakaunganisha wenyewe: Wamarekani wanarudi kuifufua na wamemchukua kijana wetu awaoneshe njia. Binamu yangu akanitumia picha ya leseni yake ya udereva, mbele na nyuma, na ujumbe kwamba yuko tayari hata kwa zamu ya usiku. Nilipokanusha, mama akaniambia watu wamesema ni kawaida, mradi wa serikali hauzungumzwi kwenye simu.

Huku nako hakukuwa na nafuu. Karibu wote waliamini kwamba mbunifu ni kampuni ya Uswisi iitwayo Bolliger & Mabillard, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikichomelesha reli zake Batavia, mashariki ya Cincinnati. Batavia kwa gari ni karibu. Mpwa wangu alinieleza ukaribu huo asubuhi, mchana na wakati wa kula, mpaka Jumamosi moja ya Februari nikawasha gari. Theluji ilikuwa inayeyuka. Nikaegesha kando ya barabara, yeye akatoa darubini akaanza kuhesabu vipande vya chuma kwa mbali, kupitia uzio, huku akinitajia rangi niandike. Nilikuwa kwenye kijivu cha pili nilipohisi upande wangu umekuwa mfupi. Gurudumu la nyuma lilikuwa limezama tope hadi nusu.

Akaja bwana mmoja na gari la kuvutia magari mabovu. Akatutazama, akaitazama darubini, akatazama uzio. Hakuuliza kama tumeumia.

"Rangi gani?" akauliza.

"Kijivu na buluu," mpwa wangu akajibu.

"Buluu si ya kwetu. Hiyo ya kiwanja kingine. Wanaiweka mbele kutuzuga."

Wakaanza. Bwana yule alikuwa na hoja kwamba uwanja wa Firehawk ni chambo tu na kitu chenyewe kitajengwa msituni, nyuma ya The Beast. Mpwa wangu alikuwa na hoja za mifereji ya maji. Mie nilisimama katikati nimeshika ncha ya mnyororo, viatu vimejaa maji, nikisikiliza watu wawili wasiojuana wakipimana juu ya digrii za mteremko usiokuwepo. Gari lilipotoka nikalipishwa na muda wa mazungumzo. Tulipofika nyumbani mpwa wangu akamwambia dada yangu kwamba safari ilikuwa ya mafanikio makubwa.

Kwa haki, ningepaswa kuwa mwangalifu zaidi, maana la banda lilikuwa bado linaniuma. Mwaka 2017 kiwanja hichohicho kilifungua Mystic Timbers, ya mbao, na mwishoni mwa njia kuna banda. Tangazo lao lilikuwa swali moja: ndani ya banda mna nini? Majira ya baridi yote tuliulizana hilo. Wako waliosema reli inakatika humo na gari linaporomoka. Wako waliosema linatoka kinyumenyume. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka kumi na minne, alikuwa na daftari zima. Aprili tukapanda. Gari likaingia bandani, likasimama gizani, redio ikapiga wimbo, kisha kwenye skrini wakatokea popo. Siku nyingine ni nyoka, siku nyingine ni mti. Mlango ukafunguka tukashuka. Rolakosta yenyewe ni nzuri sana, inakimbia mitini bila kupumzika, na bado watu walitoka wakiulizana kama ndiyo hiyo. Mpwa wangu hakusema neno njia nzima hadi nyumbani.

Sura ile nilikuja kuiona tena kwa jirani yangu, mwezi Juni 2019, na safari hii mwenye banda nilikuwa mimi.

Nilitaka kulima. Uani kwangu, matuta marefu, na nguzo za uzio kuwazuia sungura na kulungu. Huku ukitaka kuchimba hata kwako mwenyewe, unapiga kwanza namba 811, na wenye mabomba na nyaya wanakuja kutia alama chini. Kila rangi ina maana yake: nyekundu umeme, njano gesi, buluu maji ya kunywa, rangi ya chungwa simu na intaneti, kijani maji machafu. Wakaja wakapiga rangi kwenye majani, wakachomeka vibendera, wakaenda zao. Mpwa wangu aliporudi shule akaliacha begi lidondoke mlangoni.

"Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "usimwambie mtu."

Nikacheka. Lakini jioni jirani akaja uzioni kuuliza kama ni bwawa la kuogelea, na kabla sijafungua mdomo kijana akajibu kwamba kwa sasa hatuna la kusema. Basi, wallahi, mtaa ukachangamka. Wakasema nauza nyumba. Wakasema naongeza vyumba, ukoo mzima unakuja kutoka Afrika. Mbao zilipoletwa, mtu aliyekuwa hajanisalimia tangu nihamie akapunga mkono. Mama mmoja wa nyumba ya kona akaleta mkate mtamu wa tufaha, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji, macho yakinipita begani kuelekea uani. Nami nikaona utamu wake. Nikamwambia yule mama, "Tutatangaza wakati ukifika," nikafunga mlango polepole.

Wakati ukafika kwa njia ya mvua. Mchicha ukachomoza, bamia zikafuata, matembele yakatambaa hadi kwenye uzio. Jirani akaja, akaangalia kwanza upande huu, kisha ule, kisha nyuma ya banda la zana.

"Majani tu?" akauliza.

"Ni matembele."

"Nilidhani..." Hakumaliza. Tangu hapo salamu zimerudi kiwango cha kawaida.

Agosti nao Kings Island wakatangaza. Jina lake Orion, mbunifu ni wale Waswisi, itafunguliwa 2020. Palepale ukazuka ugomvi ambao sidhani kama umeisha. Kilele chake ni futi 287. Mteremko wa kwanza ni futi 300. Futi kumi na tatu zilizobaki zinapatikana kwa gari kuingia bondeni, chini ya usawa wa pale nguzo zilipoanzia. Wengine wakasema giga hupimwa kwa kimo, kwa hiyo hii si giga. Wengine wakasema abiria haanguki kimo, anaanguka mteremko. Mpwa wangu akanigeukia na uso wa mwanachuoni aliyesomewa shahada yake mbele za watu: walichokosa juu wamekichimba chini. Hukumu yangu, kwa wanaoitaka, ni kwamba mtu akishaanza kuanguka hana haja ya kujua futi zimehesabiwa kuanzia wapi.

Corona ikachelewesha mambo, ikafunguliwa Julai 2020. Tulipanda na barakoa zetu. Inakimbia kilomita 146 kwa saa, na ninayoweza kuyasimulia ni machache kwa sababu macho niliyafumba mapema. Ni nzuri, tena laini. Ile tuliyoikisia, hata hivyo, ilikuwa inapita chini ya ardhi, inavuka maji na kutokea katikati ya mnara wa Eiffel, wala haikuhitaji foleni. Mpwa wangu alikuwa bado anayumba miguu alipoanza kuniuliza kama nimeliona lile tingatinga lililoegeshwa nyuma ya choo.

Mama aliponiuliza nikamwambia tumepanda hatimaye.

"Imekufikisheni wapi?"

"Palepale."

"Nilikuuliza mapema," akasema.

Matembele yangu yaliuliwa na baridi ya Oktoba, na mapando hayapatikani madukani huku. Msomaji uliye Ohio au Kentucky ya kaskazini, ukiwa nayo, nitafute mwezi wa Mei. Bamia nitakupa mie.