Mkanda Usiochakaa

Kila kitu garini hukaguliwa kwa kutafutwa uchakavu. Tairi likiwa kipara, mkaguzi hutikisa kichwa. Breki zikilia, huandika. Usukani ukicheza, huandika tena, safari hii kwa herufi kubwa. Kisha hufika kiti cha nyuma, akavuta mkanda na kuukuta unang'aa kama utepe wa zawadi ya harusi. Huukutua mara moja kuona kama unakaza, akatia alama ya vyema na kwenda zake. Mimi hapo ndipo ninapotaka arudi. Gari limetembea miaka kumi, mpira wa kanyagio la breki umelika, kiti cha dereva kimebonyea kwa umbo la mwenyewe, halafu mkanda wa nyuma uko kama siku ulipotoka kiwandani? Hiyo si sifa, ni ungamo. Vifaa vingine vyote hushtakiwa kwa kuchoka. Huu peke yake ulistahili kushtakiwa kwa kupumzika.

Wala hatuwezi kusema sheria imenyamaza. Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 humtoza mwenye gari shilingi 1,000 kwa kila kiti kisicho na mkanda, na asiyeufunga wakati gari likienda hutozwa shilingi 500. Piga hesabu hiyo taratibu. Kukosa mkanda ni kosa ghali maradufu kuliko kuwa nao na kuukalia. Mkenya anayejua bei ya vitu huelewa ujumbe mara moja: mkanda ni mali ya gari, kama vile taa ya namba au kile kioo cha pembeni, na mradi upo, dini imetimizwa. Ukaguzi nao huthibitisha imani hiyo, maana huuliza kama mkanda upo na kama unashika, lakini hauulizi unamshika nani.

Na kwa kweli mikanda hii haiji hapa ikiwa mivivu. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuvuka bahari, nchi ambayo tangu 2008 humlazimu hata abiria wa nyuma kujifunga. Gari hukaguliwa hukohuko kabla ya kupakiwa, likashuka Mombasa na mikanda yake mitatu ya nyuma ikiwa laini, imezoea kazi. Halafu inastaafishwa. Kwanza huja kava za viti, zile zenye manyoya au zenye jina la timu, na fundi huzivuta mpaka zikaze na kuvimeza vifungio vyote vitatu. Ukimwambia vimepotea, atakujibu kwa fahari kwamba kazi yake haina mikunjo. Mkanda uliobaki juu hutafutiwa ajira nyingine. Hushikilia mtungi wa gesi usibingirike. Hufunga mlango wa buti uliogoma, au hukumbatia trei ya mayai kutoka Naivasha hadi Nairobi. Yai, tazama, linafungwa mkanda. Shangazi aliyeketi kando yake, aliyelinunua na atakayelipika, hajafungwa kitu.

Ilipofika zamu ya matatu, yale magari madogo ya abiria, mambo yalichekesha zaidi. Februari 2004, kanuni za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilianza kutumika: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare za dereva na kondakta, na mkanda kwa kila abiria. Matatu nyingi zilikosekana barabarani siku za mwanzo na watu wakatembea kwa miguu. Zilipokaguliwa na kurudi, mkanda ulikuwepo kweli, lakini abiria aliyevaa shati jeupe la kazini aliutazama kama mtu anayetazama kamba ya ng'ombe. Ulikuwa umeburuzwa sakafuni, umekanyagwa, na haikosi ulikuwa umetumika kupangusia kijiti cha kupimia oili. Ndiyo maana mpaka leo zipo kanuni zinazotaka mikanda ya magari ya abiria iwe safi, kavu na yenye kuvalika, faini shilingi 500. Naipenda sana kanuni hiyo. Serikali haiandiki neno "kavu" bila sababu. Kuna mtu, mahali fulani, aliketi akafunga mkanda uliolowa, na hatujui ulilowa nini. Lakini uchafu huo nao ni ushahidi wangu. Kitu kinachoguswa na watu kumi na wanne kila safari hakipati nafasi ya kuota kutu na kukusanya matope. Mkanda mchafu na mkanda unaong'aa ni ndugu wa tumbo moja: wote hawana wa kuwavaa.

Atatokea mtu aseme ajali haina kinga. Ni methali nzuri, na aliyeitunga bila shaka alikuwa akienda kwa miguu. Hebu tuipeleke kwenye hesabu. Mwili unaokwenda kilomita 50 kwa saa una nishati sawa na mwili ulioanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80, mwendo ule halali wa matatu, ni mita 25, ghorofa ya nane. Hakuna anayekaa kwenye ukingo wa ghorofa ya nane akining'iniza miguu huku akisema ajali haina kinga, na akiona askari kwa mbali ajishike haraka, askari akipita aachie. Lakini hivyo ndivyo tunavyosafiri. Kondakta hupaza sauti, "Fungeni mikanda, polisi mbele!" na gari zima hulia kwa vifungio kama jikoni wakati wa kuosha vijiko. Mita mia mbili baadaye mikanda yote imelala. Mtu anayefunga mkanda kwa ajili ya polisi ameshakubali kwamba kinga ipo, ila ameielekeza kwenye faini.

Wengine hawana ubishi na kinga, wana ubishi na kiti. Kiti cha nyuma, kwao, ni sebule. Mbele ndiko kwenye kioo, usukani na hatari. Nyuma ni kwa wakubwa, na mheshimiwa hafungwi kamba na dereva wake. Kwa hiyo barabarani huonekana ajabu hii: dereva aliyeajiriwa kafungwa vizuri kama mtoto wa mjini, na bosi ambaye kila mtu anamwombea maisha marefu yuko nyuma, huru kama parachichi ndani ya kikapu. Gari likigota, bosi ndiye mzigo utakaomfuata dereva kwa nyuma. Hapa nitaweka mzaha kando kidogo. John Nash, mwanahisabati aliyepata Nobel ya uchumi 1994, alitoka Norwei mwaka 2015 kupokea Tuzo ya Abel, akapanda teksi New Jersey akiwa na mkewe Alicia. Wote wawili walirushwa nje ya gari wakafa, na polisi walisema ilionekana hawakuwa wamejifunga. Akili kubwa kuliko hiyo ni vigumu kuipakia kiti cha nyuma. Na wale wanaosema mkanda utawanasa gari likishika moto au likitumbukia mtoni, nawauliza tu: magari mangapi hugonga ukuta, lori au mwenzake kabla hayajaona moto wala mto? Kujifungua kunataka kidole kimoja na mtu aliye na fahamu. Mkanda ndio unaomwachia hizo fahamu.

Jambo moja humfurahisha anayefuatilia asili ya kifaa hiki. Nils Bohlin, mhandisi Mswidi aliyeubuni mkanda wa ncha tatu ambao Volvo iliuweka kwenye magari yake 1959, kazi yake ya kabla ya hapo, kule Saab, ilikuwa viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Aliyejua vizuri kuliko wengi jinsi ya kumtoa mtu chomboni ndiye aliyeamua kumbakiza ndani. Kisha Volvo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bure. Labda hapo ndipo tulipoharibikiwa; ungeuzwa kila safari, kama kifurushi cha intaneti, tungeupigania.

Najua pingamizi la mwisho, na lina uzito: mkaguzi hukagua chuma, hakagui tabia. Ni kweli, hawezi kuketi na kila familia mpaka Mwea. Lakini anaweza kukataa kifungio kilichozikwa chini ya kava kana kwamba hakipo, maana kwa abiria hakipo. Anaweza kumwambia mwenye gari aingie nyuma mwenyewe, ajifunge kwa mkono mmoja akiwa amepakata mfuko wa viazi, na ahesabiwe sekunde. Zoezi hilo lingeangusha magari mengi kuliko breki. Usiku wa kuamkia ukaguzi ungeona watu na matochi, wakichokonoa viti kwa mpini wa kijiko. Kwanza hutoka njugu, kisha sarafu, hereni ya mtu ambaye haikufaa kuulizwa, kalamu tatu, na mwishowe kifungio, kimejaa makombo ya biskuti, kikilia "kwa!" kama kinaamka. Kesho yake gari linapita, stika inabandikwa, na yule aliyemsindikiza mwenye gari anaingia nyuma, anaketi, anajisogeza huku na huku, halafu anauliza kama zile kava zinaweza kurudishwa, maana kuna kitu kigumu kinamchoma.