Namna ya Kuipita Kengele

Kengele ya shaba ya Coronado, California, haimwiti mtu kanisani. Kuruta wa Navy SEAL, makomando wa jeshi la wanamaji la Marekani, akishindwa huigonga mara tatu, akaiweka kofia yake ngumu chini, kwenye mstari wa kofia za waliomtangulia, kisha akaenda zake. Hakuna anayemshika shati. Kazi ngumu ya pale ndiyo hiyo: mlango wa kutokea uko wazi usiku na mchana.

Basi, ewe unayetunisha kifua mbele ya kioo, anza kwa kukiacha kioo. Mawimbi ya Pasifiki hayaulizi umenyanyua vyuma vya kilo ngapi. Hell Week, wiki ya jehanamu katika mafunzo ya SEAL, huanza Jumapili jioni na kuishia Ijumaa: siku tano na nusu, kilomita zaidi ya 300 za kukimbia, na usingizi ambao ukijumlishwa wiki nzima haufiki saa 4.

Ukiiwaza Ijumaa ungali Jumapili, umekwisha kuigonga kengele moyoni. Mkono utafuata tu. Hesabu milo. Kulala hulali, lakini kula unakula, mara nne kwa siku, hata usiku wa manane. Jikokote hadi chakula cha mchana. Ukishakula, loa na utetemeke hadi cha jioni. Dunia yako iishie kwenye sahani inayofuata, na usimruhusu mtu akuonyeshe ng'ambo yake.

Boti ya mpira nayo hubebwa kichwani, watu sita au saba kwa pamoja. Ukikunja magoti kidogo ili upumue, uzito wako umehamia shingoni kwa jirani, na jirani anajua. Mtegeaji huchukiwa kuliko mkufunzi. Mshughulikie huyo jirani: mtie moyo, msukume, mwimbie ukiweza. Anayemhangaikia mwenzake hukosa nafasi ya kujihurumia.

Lakini kuna uvumilivu unaoua. Februari 2022 kijana mmoja alimaliza wiki hiyo, akafa kwa nimonia saa chache baadaye, na uchunguzi wa jeshi hilo la wanamaji ulikosoa vikali usimamizi wa tiba. Misuli inayouma ivumilie. Kifua kinachokoroma na pumzi isiyoshuka ni ugonjwa, si woga. Mwambie daktari. Na ukimwona mwenzako anaficha, mwambie daktari wewe, hata akikuchukia.