Jinsi ya Kupiga Picha Isiyo na Kitu

Harusi haina ugumu: watu wapo, keki ipo, taa zinawaka. Mtihani ni kupiga picha tupu, kisha mtazamaji aitikie kwa kichwa na kusema ina kina. Fuata hatua hizi.

1. Nenda mbali. Utupu wa karibu na nyumbani hauna heshima. Chagua Kushiro, kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Hapo pana ardhioevu kubwa kuliko zote nchini humo, ya kwanza Japani kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 1980. Nenda Januari au Februari, wakati alfajiri huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Nauli usiitaje mbele ya mwenzi wako.

2. Uwahi upweke kabla haujajaa watu. Katika kijiji cha Tsurui kuna daraja la Otowa. Maji ya mto yana joto kuliko hewa, hivyo mvuke wake hugeuka ukungu papo hapo. Ndani ya ukungu huo makorongo wenye utosi mwekundu hulala wamesimama majini, mahali ambapo mbweha hawafikii kirahisi. Juu ya daraja tripodi zimesongamana miguu kwa miguu. Usitishike. Upweke unatakiwa mbele ya lenzi tu; nyuma yake mnaweza kubanana mpendavyo.

3. Kamera usiiamini. Yenyewe hudhani dunia nzima ni ya kijivu, kwa hiyo theluji itaitia giza. Ongeza mwanga stopu moja hadi mbili. Fokasi ya otomatiki nayo itakwenda mbele na kurudi nyuma kama mgeni aliyesahau nyumba ya msiba. Izime, zungusha lenzi kwa mkono.

4. Punguza ndege. Makorongo hawa walidhaniwa wametoweka Japani, hadi wachache walipoonekana Kushiro mwaka 1924. Tangu miaka ya 1950 wenyeji wamewalisha mahindi wakati wa baridi, na leo wamepita 1,000. Watu wamehangaika vizazi viwili ili ndege wawe wengi. Wewe kazi yako ni kununa mpaka abaki mmoja kwenye fremu.

5. Ukikosa ndege, tafuta mti. Uwe mmoja, mkavu, wenye huzuni ya kutosha. Ila shamba la mtu usilikanyage. Huko Biei, Hokkaido hiyohiyo, palikuwa na mti mmoja mkongwe uliopendwa mno na wapigapicha, na katika kuukimbilia walimkanyagia mwenye shamba ardhi yake. Mwaka 2016 akaukata. Tangu siku hiyo mandhari pale haina cha kupunguzwa tena.

6. Chunga vifaa. Baridi hunyonya betri, basi ya akiba ifiche kifuani. Kabla ya kurudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki, uiache humo ipate joto taratibu. La sivyo italowa umande, na ukungu utaupata bila kutoka nje. Sensa iwe safi. Katika picha ya harusi punje ya vumbi haina wa kuiona, lakini katika picha tupu ndiyo bibi harusi.

7. Ipe jina. Neno moja linatosha, na lisieleze chochote: “Kimya”, au “Bila Jina”. Ukiandika “Korongo Mtoni” umeharibu, watu watajua wanachotazama.

8. Itume kwenye kundi la familia. Baada ya muda shangazi atajibu: “Mwanangu, hii picha kwangu haijafunguka.”

Usibishane wala usianze kufundisha sanaa. Andika: “Shikamoo, shangazi. Imefunguka, ndiyo hiyohiyo.” Kisha mtumie ile ya harusi.