Ndoana za Basi

Vijiko vya chai tulivyotunzwa siku ya harusi vilikuwa 12. Leo wageni wakizidi watano nyumbani kwetu Budondo, kando ya Nile karibu na Jinja, Uganda, wa sita hukoroga chai yake kwa mpini wa uma. Akiuliza, mke wangu hajibu. Hunyoosha kidole kwenye rafu, penye kikombe cha bati kilichojaa mipini saba ya vijiko isiyo na vichwa, kisha hunigeukia na kunitazama mpaka mgeni aelewe kwamba kesi hii ina mshtakiwa na yupo mahakamani.

Utetezi wangu ni mrefu kidogo.

Baba yangu alihamia Jinja katika miaka ya 1950 akitokea Mombasa, kwa kazi ya reli. Sangara naye alifika huku katika miaka hiyohiyo. Kabla ya hapo kwao kulikuwa Ziwa Albert na Nile ya chini. Maporomoko ya Murchison, yenye kimo cha mita zaidi ya 40, yalimzuia asipande. Binadamu ndiye aliyembeba akammwaga Kyoga na Victoria. Kwa hiyo baba na sangara walikuwa wageni wa rika moja, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja. Tofauti ni kwamba sangara alinenepa. Baba alituachia Kiswahili, redio moja, na imani kwamba mtu mwenye mshipi mfukoni halali njaa. Mimi nimelala njaa nikiwa na mishipi mitatu.

Nilianza kwa ufito wa kawaida kama mtoto yeyote wa mtoni. Maradhi yalinipata nikiwa mwalimu tayari, maporomoko ya Bujagali yangali hai yakinguruma, watalii wakija kupinduliwa na maji na kulipia kupinduliwa huko. Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi Marekani aliniuzia ufito wake unaokunjika kama upinde, wenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, pamoja na kisanduku chenye vyumba vingi kuliko nyumba yangu. Ndani mlikuwa na vyura wa mpira waliovishwa sketi, samaki wa mbao waliopakwa rangi za sikukuu, na nyungunyungu wa plastiki, rangi ya zambarau, wanaometameta na kunukia kama peremende. Mshahara wa mwezi mzima uliishia hapo. Nyumbani nilisema nusu mwezi.

Juu ya kifuniko paliandikwa jina la samaki ambaye vitu hivyo vilikusudiwa: bass. Nilimsomea jirani yangu kwa sauti ya kitaaluma. Akainama, akachungulia wale vyura wenye sketi, akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hizi ni ndoana za kuvulia basi? La kwenda Kampala au la Mbale?"

Nikamweleza kwamba basi huyu ni samaki wa Marekani, mwenye mdomo mkubwa na hasira za karibu. Aliye jirani nasi yuko Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ili walowezi wapate cha kuvua. "Na hapa Budondo yupo?" Hayupo. Nilikuwa nimenunua mtego wa mnyama asiyeishi mtoni kwangu. Jirani hakucheka. Alienda kucheka kwake, nikamsikia.

Siku ya kwanza ya kurusha nilisimama ukingoni, mgongo ukiwa barabarani, kwa sababu kisanduku hakikuja na mafundisho. Ufito huu haurushwi kama jiwe: unaupeleka kwanza nyuma ya bega, ndipo unauachia mbele. Niliupeleka nyuma. Kabla sijauachia, kigurudumu kikaanza kulia kwa sauti ambayo wavuvi hungoja maisha yao yote kuisikia. Nikashikilia kwa nguvu nikiangalia maji, nikishangaa samaki gani huyu anayekimbilia nchi kavu. Nilipogeuka nikaona bodaboda inatokomea kuelekea Jinja, na nyuma yake mama mmoja aliyevaa gomesi ya Jumapili. Mshipi wangu ulikuwa umenasa mshipi wake. Ule wa kiunoni, namaanisha, kile kitambaa kipana kinachofungwa fundo na ncha zake kuachwa zining'inie mbele. Upepo ulikuwa umeipeleka ncha moja nyuma.

Mungu alimlinda mama yule na ndoana haikugusa ngozi. Kitambaa nililipa. Jirani, ambaye kwa bahati mbaya alikuwepo, alinipa pole na kusema, "Si basi, lakini umeanza vizuri."

Mvuo wa pili alikuwa kuku. Nyungunyungu mmoja wa zambarau, asiye na ndoana, alianguka uani, tetea wa jirani akammeza. Tulimwangalia kwa siku tatu. Aliendelea kutaga.

Hapo ndipo vijiko vinapoingia. Sangara ni mwindaji. Huvutwa na kitu kinachong'aa na kuyumbayumba kama samaki mgonjwa. Nilisoma kwamba Mfini mmoja, Lauri Rapala, mwaka 1936 alichonga samaki wa kizibo kwa kisu cha fundi viatu, akamvika karatasi inayong'aa ya chokoleti, na jina lake likaenea duniani. Nikachonga wangu kwa ndala ya mwanangu. Aliogelea kama ndala. Nikasoma tena kwamba Mmarekani Julio Buel alipewa hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852. Inasimuliwa kwamba alikuwa akila ndani ya mashua, kijiko kikamponyoka, na kilipokuwa kikizama akaona samaki mkubwa akikidaka. Huo ndio uvumbuzi: ukate mpini, toboa kichwa pande mbili, weka ndoana huku na mshipi kule. Nilimsimulia mke wangu kisa hicho kizuri huku msumeno ukiwa nyuma ya mgongo wangu.

"Yeye kilimponyoka," alisema.

Vijiko vya kwanza vilienda na maji, na hapa naomba nieleweke. Tangu bwawa la umeme la Bujagali lijazwe mwishoni mwa 2011, maporomoko yamelala chini ya maji yaliyotulia kama uji. Juu unaona kioo. Chini kuna mawe yaleyale yaliyokuwa yakipindua watalii, na visiki, vyote vinapenda sana vijiko. Wazee husimulia habari za Budhagaali, mzimu wa maporomoko hayo, aliyevuka mto huu ameketi juu ya lubugo, nguo ya gome la mutuba. Mimi sitaki makuu hayo. Ningeridhika kijiko changu kivuke hatua 20 na kurudi.

Pembeni yangu, jioni nyingi, hukaa jaja mmoja, yaani babu, wa kijiji cha Kyabirwa aliyewahi kuwa askari, ndiyo maana Kiswahili chake kina amri ndani yake. Ana mwanzi, mshipi, chubwi la betri kuukuu na mkebe wa nyungunyungu halisi, wasionukia peremende. Siku moja nilikuwa nimefungua kisanduku, nabadilisha chambo mara ya sita: chura, samaki wa mbao, chura mwingine. Akaniangalia muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "mchagua jembe si mkulima." Kisha akavuta ngege mwenye upana wa sahani, bila kuondoa macho kwangu.

Nikaamua tatizo ni ufito. Mianzi bora inatoka Mlima Elgon, na kwao mke wangu ni huko, nje kidogo ya Mbale, chini ya kilima cha Wanale. Nikatuma ujumbe kwa wakwe kwamba naomba mwanzi. Wakashangaa mkwe wao Mswahili amejuaje vitu vizuri, wakaniletea kwa taksi kifurushi cha malewa: machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, ya kupika na karanga. Nilikula ufito wangu kwa siku mbili. Ulikuwa mtamu.

Sasa zawadi hudai zawadi. Nikaahidi kwamba nitakapokwenda nitampelekea mama mkwe sangara niliyemvua kwa mkono wangu mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho hayakuwa ya lazima. Nilivua siku tatu, usiku mmoja wa mvua ukiwemo, nikapata homa. Sheria ya Uganda inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Mimi sijawahi kuivunja, kwani sikuwa nimemshika wa urefu wowote. Siku ya nne, alfajiri, nikaenda soko la samaki la Masese na noti zangu.

Njiani kupitia Iganga na Tirinyi nilimpakata yule samaki kama mtoto wa hospitali. Abiria waliponiuliza nikasema nimemvua. Kufika Kamonkoli nilikuwa nimeshawaeleza alivyopigana.

Huko kwa wakwe, kama desturi inavyotaka, mimi na mama mkwe hatukabiliani uso kwa uso wala hatusemeshani ovyo. Yeye yuko nyuma ya ukuta wa jikoni, mimi kwenye kiti cha wageni, na katikati yetu anakwenda na kurudi mtoto wa miaka saba aliyebeba maneno. Samaki akaingia jikoni. Kimya. Kikawa kirefu. Kisha mtoto akatoka, akasimama mbele ya wajomba wote, akasema kwa sauti ya shuleni:

"Bibi anauliza, hiyo ndoana yako hushika mdomo au hupasua tumbo?"

Sikuwa nimemtazama vizuri. Samaki wa sokoni alikuwa na mpasuo safi tumboni, na bondo lake limeshatolewa. Bondo ni ule mfuko wa hewa ndani ya sangara. Husafirishwa mpaka China, na bei yake kwa kilo huiacha nyama mbali sana. Muuzaji asingeniachia. Mama mkwe, ambaye amekaa milimani maisha yake yote na ambaye nilidhani hajui sangara ana nini ndani, alijua.

Nikamtuma mtoto: "Mwambie Bibi, ni aina mpya ya ndoana." Kicheko kilichotoka nyuma ya ukuta ule kilivunja desturi ya miaka mingi. Tangu hapo tunaheshimiana zaidi.

Mke wangu aliona kwamba sasa ningeacha. Nikamletea ushahidi wa kihistoria. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke aliposimama mbele ya maporomoko aliyoyaita Ripon, hapa hapa Jinja, aliandika kwamba aliona samaki kwa maelfu wakiyarukia maji, na wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamejipanga juu ya mawe na fito na ndoana zao. Nikasema, unaona, hii ni kazi ya heshima, imo vitabuni, mimi naendeleza. Akauliza, "Na hao walikuwa wakivua kwa vijiko vya nani?" Nikafunga kitabu.

Kijiko cha tano ndicho kilichonitoa aibu. Ilikuwa saa kumi na mbili unusu jioni, mdiria wa mwisho ameshapiga mbizi, jaja anakusanya vyombo vyake. Nilirusha, nikaanza kuvuta, kikakwama. Nikasema moyoni, kisiki kingine. Kisha kisiki kikaondoka. Ufito ukapinda mpaka ncha ikanywa maji, kigurudumu kikalia, na safari hii nilitazama kwanza nyuma kama kuna bodaboda. Hakuna. Nikavuta kwa pupa ya miaka yote hiyo.

"Legeza!" jaja alifoka, sauti ya gwaride. "Mwache aende! Anajua njia, wewe huijui!"

Nikalegeza. Alikwenda, akarudi, akaruka juu mara moja akitikisa kichwa, na nikaona kijiko chetu cha harusi kikimeremeta pembeni ya mdomo wake, uaridi lililonakshiwa likionekana kabisa. Sijui tulichukuana muda gani. Kijana mmoja alivua shati, akaingia maji ya kiunoni, akamkumbatia samaki kwa lile shati na kutoka naye.

Rekodi ya dunia ya sangara wa ndoana ni kilo 104, Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Wangu tulimpeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, ikasema tisa. Kila mkulima hapa anajua mizani ile hula kilo mbili. Nikamwita mnunuzi pembeni nikamsihi aseme kumi na moja. Alinihurumia kweli, lakini akatikisa kichwa: "Mwalimu, nikiongeza kwa samaki, kesho nitaongeza kwa mahindi." Basi ni kilo tisa rasmi.

Nyumbani mke wangu alimpokea bila neno, akamwosha, akampasua. Bondo lilikuwemo, akaniita nije nilione. Kijiko alikichomoa mdomoni, akakisugua kwa majivu, akakiweka juu ya rafu kando ya mipini. Nilipokata vijiko viwili zaidi mwezi uliofuata, maana sasa nilikuwa na uthibitisho, alisema neno moja tu: "Basi." Nikadhani anaongelea samaki.

Vijiko vitano vilivyobaki hulala chumbani, chini ya mto wake. Ukipita Budondo, karibu sana chai. Ila njoo na kijiko chako, na ukiondoka, usikisahau mezani.